Dawati la Kukodi

Uko mpango uliotoka Marekani wa kuwalipa watoto wa skuli mshahara wa noti za karatasi. Afutaye ubao hulipwa, apigaye kelele hutozwa faini, na mwisho wa mwezi kila mmoja hulipa kodi ya dawati lake. Hesabu watajifunza, na kuweka akiba pia, hilo hatubishi.

Lakini kodi ya dawati! Unguja elimu ilifanywa bure tarehe 23 Septemba 1964, ili mtoto wa mchukuzi akae sawa na mtoto wa tajiri. Leo tumkodishe kiti, japo kwa karatasi?

Tena, mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walitoa habari za watoto wadogo wa Stanford waliopenda kuchora. Walioahidiwa tuzo, baadaye hamu yao ilipungua. Waliotunzwa pasi na kuahidiwa, haikupungua. Ndivyo ifanyikavyo chuoni kwetu: mtoto akihitimu Qur'ani, wazee hufanya karamu, wenzake wakala, na mwalimu akapewa zawadi.

Mwalimu aupendaye mpango huu na auchukue kwa somo la hesabu, siku moja katika wiki. Dawati aliache.