Mtafute Akiwa Kazini

Kitabu cha watoto kuhusu mwanamke mwanasayansi usikianzie mwanzo. Kifungue katikati, umtafute akiwa kazini. Ukikuta "jasiri", "hodari" na "hakukata tamaa" kila ukurasa, lakini huoni mikono yake imeshika nini, kirudishe rafuni.

Kitabu kizuri cha Marie Curie kitamwonyesha Paris, kwenye banda linalovuja, akikoroga madini yanayochemka kwa chuma kirefu karibu kumzidi kimo. Kitaeleza pia kwamba kutoka tani kadhaa za madini hayo, mwaka 1902 alipata sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Mtoto akishaona hilo, sifa za nini tena?

Kipimo changu kikali zaidi ni Wangari Maathai. Vitabu vingi humwonyesha akipanda miti mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hakuwahi kuingia maabara. Alikuwa mwanabiolojia, mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 1971, na alichunguza kupe wanaoeneza ndigana kali. Alipokwenda vijijini kukusanya kupe kwenye ng'ombe, aliona ng'ombe wamekonda na maji ya mito yamejaa udongo. Akaanza kujiuliza kwa nini, na miti ikaja baadaye. Mwandishi anayewaruka wale kupe amemnyima mtoto sehemu tamu kuliko zote: jinsi swali moja lilivyozaa jingine. Tena watoto wa huku kupe wanawajua, wamewabandua kwenye mbwa wao.

Kuhusu Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani, mwaka 1849, usiamini kitabu kinachodai alitamani kazi hiyo tangu utotoni. Mwenyewe aliandika kwamba mambo ya mwili na maradhi yalimchukiza. Mwaka huohuo, huko Paris, alikuwa akimsafisha mtoto mchanga macho yenye usaha, majimaji yakamrukia. Jicho lake moja likapofuka, na nia yake ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo. Wapo waandishi wanaolificha tukio hili wasije wakawatisha wasomaji. Mimi ukurasa huo ndio ninaoutafuta kwanza. Mtoto wa miaka minane anaweza kulipokea, hasa akifikishwa hadi 1857, Blackwell alipofungua hospitali ya wanawake maskini na watoto jijini New York.