Kumpima Fundi wa Rexx kwa Jinsi Programu Yake Inavyoanguka

Programu inayokwenda vizuri haikuambii mengi juu ya aliyeiandika. Ukipewa kazi ya Rexx, lugha aliyoanza kuibuni Mike Cowlishaw wa IBM mwaka 1979, tafuta kwanza maneno SIGNAL ON, yanayotega mitego ya kunasa hitilafu. Kisha uliza: mambo yakiharibika, programu inarukia wapi, na inafika huko na habari gani?

NOVALUE. Katika Rexx, jina lisilopewa thamani hubeba herufi zake lenyewe, zikiwa kubwa. Andika "jmla" badala ya "jumla", na ripoti itachapa JMLA bila kulalamika. Fundi makini huweka SIGNAL ON NOVALUE juu kabisa. Isipokuwepo, kagua kila jina kwa shaka.

Lebo ya SYNTAX, yaani mahali programu inaporukia ikipata kosa. SIGNAL haina marejeo: vitanzi vyote vya DO vilivyokuwa vikizunguka katika utaratibu ule huvunjika, na mtego wenyewe huzimika. Lebo inayojitia kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea ni kazi mbovu. Iliyo bora hutaja mstari wenye kosa, huuonyesha kwa SOURCELINE, hueleza sababu kwa ERRORTEXT, hufunga mafaili na kutoka kwa namba isiyo sifuri. Hapa ndipo jicho la mjuzi huonekana: namba ya mstari imo katika SIGL, na kila unapoita utaratibu wa ndani SIGL hubadilika. Basi sentensi ya kwanza ya lebo iwe ya kuinakili.

HALT. Mtu akibonyeza Ctrl-C hajakosea, ameamua kusitisha. Apewe lebo yake, si kutupiwa ujumbe wa kosa. Na kama rekodi haifai kuachwa nusu, CALL ON HALT ni bora zaidi, kwa kuwa hiyo hurudi: inaweka alama tu, kitanzi kinamaliza rekodi, kinaiona alama, kinatoka.

ERROR. Mtego huu hufyatuka amri ikirudisha namba isiyo sifuri, lakini si kila namba kama hiyo ni balaa. Amri ya grep hurudisha 1 isipopata kitu. Mwandishi mzuri huzima mtego kwa SIGNAL OFF ERROR kabla ya amri kama hiyo, huipima RC (namba iliyorudishwa na amri) mwenyewe, kisha huuwasha tena.

Usiishie kusoma. Ingiza kosa makusudi, kisha ikatize programu katikati ya kuandika faili. Ukiambiwa mstari na sababu, na usikute faili nusunusu, umepata kazi ya kuaminika.