Lugha Iliyofichika: Utafiti wa Taaluma Mbalimbali Nairobi na Neno la Msemaji

Utangulizi

Msomaji anayepitia kazi za utafiti zilizotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi tangu kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970, pamoja na zile za chuo kilichokitangulia, hukuta upana wa kustaajabisha. Wapo wanahistoria waliokusanya masimulizi ya wazee, wanafalsafa waliotafuta hekima vijijini, wataalamu wa mimea waliopita misituni na waganga wa kienyeji, na matabibu waliochunguza maradhi mitaani. Kwa desturi upana huu husifiwa kwa kuhesabu: idara kadha, tasnifu kadha, vitabu kadha. Makala haya yanakusudia kuutazama kwa jicho jingine. Yanadai kwamba taaluma hizi, ingawa zimetengana kwa mbinu na shabaha, zimeunganishwa na kitendo kimoja ambacho ni nadra kuhakikiwa: mtafiti husikia neno katika lugha ya Kiafrika, kisha huliandika kwa Kiingereza. Kitendo hicho ni tafsiri. Na kwa kuwa ni tafsiri, kinamhusu mhakiki wa lugha sawasawa na diwani au tamthilia.

Historia: nyumba na mlango wake

Mwaka 1967 Bethwell Ogot alichapisha History of the Southern Luo, na mwaka huo huo Gideon Were akatoa historia yake ya Abaluyia wa magharibi ya Kenya. Vitabu hivi vilitetea jambo ambalo wanahistoria wengi wa Ulaya walikuwa wakilikana, yaani kwamba masimulizi ya wazee, yakipimwa ipasavyo, ni ushahidi wa kihistoria. Ushindi huo haujapungua thamani. Hata hivyo, ushahidi wa simulizi umo ndani ya maneno yenyewe, na neno likibadilishwa, sehemu ya ushahidi huenda nalo.

Chukua neno la Kijaluo dhoot. Maana yake ya asili ni mdomo au mlango wa nyumba, na ndilo neno litumikalo kuutaja ukoo. Mjaluo anayelitamka hutaja watu waliotoka katika mlango mmoja, na papo hapo hudokeza ni nyumba ya nani. Likishafasiriwa kwa neno la jumla la Kiingereza lenye maana ya ukoo, nyumba na mlango hutoweka, na pamoja navyo dokezo juu ya namna watu hao walivyoufikiria udugu wao. Ajabu ni kwamba Kiswahili kingeweza kulihifadhi dokezo hilo bila taabu, kwani Waswahili wa pwani nao husema mlango wakimaanisha tawi la ukoo. Lugha mbili zisizo za asili moja zimekutana katika taswira ile ile, na jambo hilo lenyewe ni swali la utafiti ambalo Kiingereza hakiwezi hata kuliibua.

Were aliiona hatari hii kwa kiasi chake. Mbali na historia yenyewe, alichapisha mkusanyo uitwao Western Kenya Historical Texts, pia mwaka 1967, ili ushahidi uwe mbele ya wasomaji wengine. Huo ndio mfano uliostahili kufuatwa na taaluma zote.

Falsafa: nani aliuliza, na kwa neno gani?

Suala hili huwa zito zaidi katika falsafa. Okot p'Bitek, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1970, ameeleza katika African Religions in Western Scholarship kisa cha wamisionari wa Kitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya wageni wale, kwa hiyo swali likawafikia kama kwamba wameulizwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, kwa kuwa watu huzaliwa na mama zao. Waliposhurutishwa sana, wakakumbuka kwamba yupo Rubanga, ambaye huwafinyanga watu kwa kuwapinda mgongo wakawa na kibiongo. Basi jina la mleta kibiongo likachukuliwa kuwa jina la Mungu Muumba.

Kisa hiki huchekesha, lakini mwanaisimu wa Kiswahili asicheke upesi. Katika lugha nyingi za Kibantu shina lile lile la kuumba ni la kazi ya mfinyanzi. Mswahili wa leo ametenga kuumba na kufinyanga, na huenda asitambue kwamba neno lake la theolojia lilianzia kwenye udongo.

Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995, alikusudia kuthibitisha kwamba falsafa ya Kiafrika haimo katika mila za jumla tu. Wapo watu binafsi, wasiosoma shule, wanaofikiri kwa kuhoji. Katika Sage Philosophy, kilichotoka mwaka 1990, alitofautisha mwenye hekima anayezieleza mila za watu wake na mwenye hekima anayezipima kwa akili yake mwenyewe. Ni tofauti yenye maana kubwa, na kwa kuitetea Oruka aliyachapisha mahojiano pamoja na majina ya wazee, jambo la uaminifu mkubwa.

Lakini mahojiano hayo humfikia msomaji kwa Kiingereza. Hapo ndipo uhakiki unapokwama. Kuhoji mila hujulikana kwa alama ndogo za lugha: kauli ya masharti, kejeli, methali iliyopinduliwa, kiambishi kinachoonyesha shaka. Mzee akisema "watu husema" badala ya "tunasema", amejitenga na kauli ya wenzake kwa kiambishi kimoja tu. Kama mfasiri hakukiangalia kiambishi hicho, mwanafalsafa hugeuka kuwa msimulizi wa mila. Na kama mfasiri amekiongeza mwenyewe, msimulizi hugeuka kuwa mwanafalsafa. Hivyo hoja kuu ya kitabu imesimama juu ya msingi ambao msomaji hawezi kuukagua. Hilo si kusema kwamba hoja ni ya uongo. Ni kusema kwamba nusu ya ushahidi wake haimo ukurasani.

Mimea na maradhi

Ingedhaniwa kwamba sayansi zimeokoka na tatizo hili. Kinyume chake, ni katika sayansi ya mimea ambapo hupatikana mfano mwema. John Kokwaro, katika Medicinal Plants of East Africa, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, aliyaweka majina ya mimea katika lugha za wenyeji kando ya majina ya Kilatini, akitaja kila jina ni la lugha gani. Kwa njia hiyo msomaji mwenye lugha yake anaweza kurudi porini na kumsahihisha mwandishi. Jina nalo hubeba habari: mwarobaini unaaminika kuitwa hivyo kwa kuwa ulidhaniwa kutibu maradhi arobaini, na jina hilo ni muhtasari wa imani ya kitabibu, wala si kitambulisho tu.

Kwa upande wa tiba, ni maarufu utafiti ulioanza katikati ya miaka ya 1980 huko Majengo, Pumwani, kwa ushirikiano wa Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Humo iligunduliwa kwamba baadhi ya wanawake waliofanya biashara ya ngono hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi japo walikabiliwa navyo mara kwa mara. Majengo ni mtaa wa Kiswahili. Sasa litazamwe neno kinga. Katika Kiswahili cha kawaida kinga ni uwezo wa mwili kuyashinda maradhi, na pia ni kile anachovaa mtu ili asiambukizwe. Kwa utafiti wa aina hii maana hizo mbili hukaribia kuwa kinyume, kwani kiini cha suala ni mtu asiyeambukizwa bila ya kuvaa kitu. Dodoso lisilotenga maana hizo laweza kuharibu jibu kabla damu haijapimwa. Kulitenga ni kazi ya mwanaisimu, lakini ni mara chache yeye huitwa.

Pingamizi na majibu

Yako mapingamizi matatu. La kwanza ni kwamba mtaalamu lazima asomwe ulimwenguni. Ni kweli, na hakuna anayedai Kiingereza kifutwe. Linalodaiwa ni matini asilia iwekwe kando ya tafsiri. La pili ni uhaba wa istilahi. Pingamizi hili limechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi za istilahi za isimu na za sayansi mwaka 1990, na istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Aidha, mzee anayehojiwa hakungoja istilahi ili afikiri.

La tatu ndilo zito: mzee wa Siaya au wa Bungoma hasemi Kiswahili nyumbani, kwa hiyo kumwandika kwa Kiswahili ni kumfasiri mara nyingine. Jambo hili likubaliwe bila kusita. Kiswahili hakina haki ya kuimeza lugha ya msemaji kwa sababu tu ni lugha ya Kiafrika. Mahali pake ni pa daraja: neno la msemaji lihifadhiwe katika lugha yake, na muhtasari wa Kiswahili umwezeshe Mkenya wa kabila lingine kulifikia. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, na tasnifu isiyo na hata ukurasa mmoja wa lugha hiyo ina swali la kujibu.

Lawama haiwaangukii wanahistoria na matabibu peke yao. Waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968, ambao Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliutoa wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, ulibadilisha kilichofundishwa. Lugha ya kufundishia haikubadilika. Nao wahakiki wa Kiswahili, tangu Kichomi cha Kezilahabi kitoke mwaka 1974, wametumia miaka mingi kugombania vina na mizani, huku matini maelfu ya wazee zikipita mlangoni mwa idara jirani bila mtu wa kuzisoma.

Hitimisho

Upana wa utafiti utakuwa na maana kamili pale ambapo taaluma moja itaweza kuikagua nyingine. Kwa hilo yafaa mambo matatu: kanda na maandishi ya mahojiano yawekwe maktabani katika lugha yaliyosemwa, kila tasnifu iliyotokana na mahojiano iwe na muhtasari wa Kiswahili, na mwalimu wa lugha awe miongoni mwa watahini wa tasnifu hizo. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maneno yaliyochukuliwa kwa wazee yanangoja kurejeshwa yangali yanasomeka. Wengi wa waliohojiwa katika miaka ya 1960 na 1970 wamekwisha kufariki, na hakuna awezaye kuwauliza tena walimaanisha nini.