Visu Chini ya Kiti

Masika yakikolea, nyasi za uwanja wa gofu hazimsubiri mtu. Katika karakana ya uwanja mmoja nje ya Arusha, fundi anayetunza mashine za kukatia, zile za kukalia zenye usukani, hukagua nyasi kabla ya kukagua kisu. Huchuma jani na kulitazama nchani. Kisu kikali huacha ncha nyoofu. Kisu butu huchana badala ya kukata. Ncha hubaki na nyuzinyuzi, hukauka, na baada ya siku moja mbili uwanja wote hugeuka rangi ya hudhurungi. Leo ameziona nyuzi hizo.

Anaegesha mashine kwenye sakafu tambarare, anavuta breki, anatoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Kisha anachomoa waya wa plagi na kuukunja pembeni, usije ukagusana tena na plagi. Injini inaachwa ipoe. Hana haraka, na ana sababu: viwango vya Marekani vinaruhusu ncha ya kisu cha namna hii kwenda kasi ya hadi futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu kilomita 350 kwa saa.

Anaweka kabari nyuma ya magurudumu, anainua mbele kwa jeki, kisha anaishusha mashine juu ya stendi. Jeki kazi yake ni kuinua tu. Kinachobeba uzito ni stendi. Anaitikisa mashine kwa mikono miwili. Haichezi. Hapo ndipo anapovaa glavu nene na kuingiza mkono.

Chini kuna tabaka la nyasi zilizogandamana, mbichi bado, zinazotunza unyevu na kulisha kutu. Anazikwangua zote. Kijana anayejifunza kwake ananyoosha mkono akishike kisu cha pili. “Mwanangu, toa mkono,” anamwambia taratibu. “Hiki kikizunguka, na hicho kinazunguka.” Visu vyote vinavutwa na mkanda mmoja. Anabana kipande cha mbao kati ya kisu na ukuta wa chuma, ndipo anaweka soketi yenye mpini mrefu kwenye bolti. Haisukumi spana, anaivuta kwake, ili ikiteleza, ngumi iende mbali na makali.

Kabla kisu hakijatoka, anakitia alama ya chaki upande unaotazama ardhi. Halafu anakisugua kwa brashi ya waya na kukipeleka dirishani. Hapa ndipo anapokaa muda mrefu kuliko kwingine kokote, na mimi naona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Anapitisha kidole kwenye shina la bawa, pale chuma kinapokunjika kwenda juu ili kisu kivute hewa na kusimamisha majani. Mchanga hula pale polepole, chuma kikawa chembamba, na ufa huanzia hapo. Kisu chenye ufa au kilichopinda hakichomelewi wala hakinyooshwi. Kinatupwa.

Hiki ni kizima. Anakibana kwenye jiliwa na kuchukua tupa. Anasukuma kuelekea nje, anainua tupa, anairudisha hewani, anasukuma tena, kwa mwinamo uleule ulioachwa na kiwanda, upande wa juu peke yake. Grainda ipo mezani, lakini inachemsha chuma haraka. Ukingo ukishaiva rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha. Wala hatafuti makali ya wembe, yanayomeguka kwenye jiwe la kwanza. Anaishia kwenye makali ya kisu cha siagi, na idadi ya misuguo ni sawa kwa makali yote mawili.

Msumari umepigiliwa kwenye nguzo. Anatundika kisu kwa tundu la katikati na kuachia. Upande mmoja unashuka. Anaurudisha jiliwani, misuguo michache, anatundika tena. Unashuka kidogo. Tena tupa. Kisu kisicho na mizani hutetemesha mhimili na kuua beringi, kwa hiyo anarudia mpaka kisu kinabaki mlalo, kimetulia.

Kinarudi mahali pake, chaki chini, bawa juu. Bolti inakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Waya wa plagi unarudishwa mwisho kabisa. Baada ya kukata kwa saa moja, atazima, atachomoa tena waya, na kuzijaribu bolti zote upya.