Kuhesabu Kromosomu za Matembele

Marando ya viazi vitamu yalikatwa kwenye matuta ya Mbagala, Temeke, yale yale ambayo majani yake huuzwa kwa mafungu kuwa matembele. Fundi wa maabara ameyachomeka kwenye mchanga mbichi, nayo yametoa mizizi myeupe, myembamba. Ncha za mizizi hiyo ndizo anazozitaka.

Asubuhi anazikata kwa wembe na kuzitumbukiza kwenye dawa inayozuia seli zisimalize kugawanyika, ili kromosomu zibaki zimejikunja, fupi na nene. Saa kadhaa baadaye anazihamishia kwenye spiriti sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja. Humo zinalala mpaka kesho.

Siku ya pili anazilainisha kwa asidi ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 60. Dakika zikizidi, ncha inavurugika. Zikipungua, seli zinagoma kuachana. Anazitia rangi, kisha anabakiza kipande cha milimita moja tu, pale rangi ilipokolea. Anakifunika kwa kioo chembamba na kukigonga taratibu kwa kitako cha penseli, seli zitawanyike. Mwisho anaweka karatasi ya kuchujia na kukandamiza kwa dole gumba, wima. Kioo kikiteleza hata kidogo, seli zinaviringika na kazi yote imeharibika. Hakikuteleza.

Kwenye hadubini, kwa ukuzaji wa mara 1,000, vinaonekana vijiti vifupi vilivyosongamana. Anavichora kimoja kimoja, asije akahesabu kimoja mara mbili. Vinatimia 90. Hafurahi bado, anatafuta seli nyingine, anachora upya. Jamaa wengi wa kiazi kitamu wana kromosomu 30, lakini chenyewe kina seti sita za 15.

Kisha anageukia chavua. Ua la zambarau la mmea unaotambaa mchangani Kunduchi, Kinondoni, limewahiwa mapema, maana nao ni wa ukoo wa kiazi kitamu, na maua mengi ya ukoo huu hunyauka jua likipanda. Anapasua vifuko vya chavua kwa sindano juu ya tone la gliserini. Anazungusha skrubu ya hadubini polepole: kwanza zinatokeza ncha za miiba, halafu ukuta, halafu matundu yaliyotapakaa kila upande wa chembe. Chavua ya jamaa zake wa jenasi ya Convolvulus haina miiba, ina mifereji mitatu. Kwa alama hiyo ya miiba, mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hallier aliugawa ukoo mzima mafungu mawili.

Mkulima wa Mbagala hupanda marando, kwa sababu mbegu ya kiazi hutoa mche usiofanana na mama yake: seti zile sita huchanganyika upya. Mtafiti anayetaka aina mpya, yeye hana budi kupitia kwenye ua na mbegu, na akichanganya mimea yenye hesabu tofauti, huenda asipate mbegu kabisa. Ndiyo maana fundi huyu haandiki 90 daftarini kwa ushahidi wa seli moja.