Hongera, shule ya nzi ya Ishaka

Mwaka 2011, Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf walianzisha mjini Ishaka, magharibi mwa Uganda, shule fupi ya sayansi ya ubongo kwa vijana wa Afrika. Waliyemchagua kufundishia ni nzi wa matunda, yule yule anayezengea ndizi mbivu sokoni. Naupenda uamuzi huo kuliko yote. Panya wa maabara ni gharama. Nzi hutosheka na unga, sukari na hamira ndani ya kichupa. Na ubongo wake si wa kudharauliwa hata kidogo: ramani iliyochapishwa mwaka 2024 ilihesabu nyuroni, yaani seli za neva, 139,255 na viungio zaidi ya milioni 50. Kwenye viungio hivyo seli moja humwaga kemikali, jirani yake huipokea, na nzi hugeuka kuifuata harufu. Kijana aliyezoea kuichora seli daftarini tu, sasa anaiona kwa hadubini. Ni majuma machache, lakini anarudi chuoni kwake akijua kufuga nzi na kuuliza swali lake mwenyewe. Kwenye shule hiyo ndipo lilipoanzia shirika la sayansi la TReND in Africa. Wakuu wa vyuo, vijana hawa wakirudi, wapeni chumba na hadubini.