Sentensi Iliyoeleza Mpaka wa Horohoro

Ukitoka Tanga kwenda Mombasa, nchi inaishia Horohoro. Huku Mkinga, kule Lunga Lunga, na Wadigo wako pande zote mbili. Mpaka huo ulielezwa ndani ya sentensi moja ya Kiingereza, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890. Ni ndefu mno, na msomaji wetu hupotelea katikati yake.

Mtafute kwanza mtenda. Ni "line", yaani mstari. Kiingereza kinamtaja mwanzoni kisha kinamwacha, vitenzi vinafuatana nyuma yake. Kiswahili humbeba kila mahali kwa kiambishi kimoja: unaanzia ukingo wa kaskazini, Mto Umba unapoingia baharini, unakwenda Ziwa Jipe, unavuka Mto Lumi. Isome hivyo kwa sauti, hutapotea.

Kwenye Kilimanjaro mstari "skirts" mlima. Mwanafunzi ataona sketi! Lakini hapo ni kitenzi, na mabaharia wetu wana neno lake halisi: kuambaa, kama jahazi linavyoambaa pwani bila kuigusa. Mstari unaambaa chini ya mlima kwa kaskazini, na mlima wote ukabaki upande wa Wajerumani. Kamusi ikikupa "kupita" tu, umeshaukosa ukingo wenyewe.

Mtego mkubwa uko kuelekea mwishoni. Mstari unafika kwenye "the point" iliyoko ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, "which is intersected" na latitudo ya digrii 1 kusini. Nini kinachokatwa? Kiingereza kina "which" hiyo hiyo kwa vitu vyote. Ngeli zetu zinakulazimisha uamue: nukta ambayo, ufuko ambao, au ziwa ambalo? Jibu limo katika "the". Neno hilo linaahidi kwamba nukta itatambulishwa. Ukiupa ufuko hiyo "which", nukta inabaki bila anwani. Kwa hiyo ni nukta ambayo.

Tazama pia nyakati: unakwenda, unavuka, unaambaa, kana kwamba mstari ulikuwa tayari ardhini. Haukuwapo. Wapimaji walikuja baadaye, na makubaliano ya mwaka 1893 yakauanzishia Ras Jimbo. Ndiyo maana leo Mto Umba unaingia baharini ndani ya Kenya.